Kumlilia Adui: Uhakiki wa Maombolezo ya Washindwa katika Tamthilia ya Waajemi ya Aeschylus

Ikisiri

Makala hii inahakiki tamthilia ya Waajemi iliyotungwa na Aeschylus na kuigizwa Athene mwaka 472 KK, miaka minane baada ya mapigano ya majini ya Salamis. Katika tamthilia hiyo, mtunzi wa upande wa washindi anawaonesha washindwa wakiomboleza nyumbani kwao. Wahakiki wamelumbana kuhusu maombolezo hayo: baadhi wameyaona kuwa huruma adimu kwa adui, na wengine wameyaona kuwa ushindi wa pili, safari hii jukwaani. Makala inajenga hoja kwamba huruma hiyo ni ya kweli lakini imewekewa masharti matatu: msiba uwe mbali, kosa liwe la mtu mmoja, na mwenye kulia awe mgeni. Kwa kuifuata matini yenyewe, inaoneshwa kwamba kila sharti linapata ufa mahali fulani, na kwamba kupitia nyufa hizo tamthilia inawageukia Waathene wenyewe na kuwaonya.

1. Utangulizi

Maandishi yaliyosalia kuhusu vita kati ya miji ya Wagiriki na dola ya Uajemi yametoka, kwa sehemu kubwa, upande mmoja. Herodotus, ambaye ndiye chanzo kikuu cha historia ya vita hivyo, aliandika kwa Kigiriki. Kutoka Uajemi hakuna simulizi ya mapigano ya Salamis iliyotufikia. Kwa hiyo, msomaji anayetaka kukisikia kilio cha Susa baada ya maangamizi ya mwaka 480 KK hana budi kukisikia kwa lugha ya adui wa Susa, kupitia kinywa cha mwigizaji wa Kiathene.

Hali hiyo ndiyo inayoipa tamthilia ya Waajemi nafasi ya pekee. Ni tanzia ya Kigiriki ya zamani zaidi kati ya zilizosalia zikiwa kamili ambazo mwaka wa kuigizwa kwake unajulikana, na ndiyo tanzia pekee iliyosalia inayotumia tukio la historia ya karibu badala ya visasili. Mtunzi wake hakuwa mtazamaji wa mbali. Aeschylus alipigana Marathon mwaka 490 KK, na Herodotus anaeleza kwamba Cynegeirus, ndugu yake, aliuawa katika mapigano hayo. Mapokeo ya kale yanamtaja pia kuwa alishiriki Salamis. Mtu aliyezika ndugu yake kwa sababu ya vita na Waajemi ndiye aliyeandika maombolezo ya Waajemi.

Je, mshindi anaweza kumlilia aliyemshinda pasipo kumshinda mara ya pili? Swali hilo limewagawa wahakiki. Edward Said, katika kitabu chake Orientalism (1978), aliiweka tamthilia hii karibu na mwanzo wa mapokeo marefu ambamo Ulaya huizungumzia Asia na kuisemea. Edith Hall, katika Inventing the Barbarian (1989), alionesha kwa undani namna tanzia ya Kiathene ilivyoshiriki kuijenga taswira ya mgeni kama kinyume cha Mgiriki: mtumwa wa mfalme, mpenda anasa, mwenye kulia bila kiasi. Kwa upande mwingine, wapo wahakiki walioisoma tamthilia hii kama utungo wa kibinadamu usio na chuki, unaotambua kwamba kifo cha adui ni kifo.

Makala hii haichagui upande mmoja na kuutupa mwingine. Inakubali kwamba taswira ya mgeni imo na kwamba huruma nayo imo, kisha inauliza huruma hiyo iliwezekanaje mbele ya hadhira iliyokuwa na majeraha mabichi.

2. Jukwaa chini ya magofu

Kabla ya kuichambua matini, ni muhimu kuelewa mahali ilipoigizwa. Ukumbi wa maonesho wa Dionysus uko kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis. Mwaka 480 KK, kabla ya Salamis, jeshi la Xerxes liliingia Athene, likawaua waliobaki kilimani na kuyachoma mahekalu. Ujenzi wa Parthenon ulianza mwaka 447 KK. Hii ina maana kwamba mwaka 472 KK Waathene walikuja kutazama msiba wa Waajemi huku kilima kilichokuwa juu yao kikiwa bado na alama za moto wa Waajemi hao hao.

Mgharamiaji wa onesho hilo alikuwa Pericles, wakati huo akiwa kijana, na Aeschylus alipata tuzo ya kwanza. Hadhira ilijaa watu walioshika makasia Salamis, wajane wao na watoto wao. Hakuna aliyehitaji kuelezwa jinsi mapigano yalivyokwenda. Kilichokuwa kipya kwao ni upande waliooneshwa. Tamthilia nzima inatendeka Susa, mbele ya wazee wa baraza na karibu na kaburi la mfalme Darius. Hakuna Mgiriki hata mmoja anayepanda jukwaani, na hakuna Mgiriki hata mmoja anayetajwa kwa jina. Themistocles, ambaye Herodotus anamtaja kuwa ndiye aliyetuma ujumbe wa hila uliomvuta Xerxes kwenye mlango mwembamba wa bahari, hatajwi. Mleta ujumbe anatambulishwa tu kama Mgiriki mmoja kutoka jeshi la Waathene.

Kunyamaza huko kunaweza kufasiriwa kama unyenyekevu mbele ya miungu, au kama ustadi wa kuukwepa ugomvi wa kisiasa uliokuwapo Athene juu ya nani apewe sifa za ushindi. Vyovyote iwavyo, matokeo yake kisanaa ni dhahiri. Ushindi hauna shujaa wa kushangiliwa, na nafasi yote ya majina imeachiwa waliokufa.

3. Sharti la kwanza: msiba uwe mbali

Kabla ya Waajemi, mtunzi mwingine wa Athene, Phrynichus, aliigiza tanzia kuhusu kutekwa kwa Mileto, mji wa Kigiriki ulioangushwa na Waajemi mwaka 494 KK. Herodotus, katika Kitabu cha 6, anasimulia kwamba ukumbi mzima uliangua kilio. Waathene wakamtoza Phrynichus faini ya drakma 1,000 kwa kosa la kuwakumbusha msiba wao wenyewe, na wakapiga marufuku tamthilia hiyo isiigizwe tena.

Tukio hili ni ufunguo wa kuielewa tamthilia ya Aeschylus. Hadhira iliyomwadhibu mtunzi kwa kuwaliza juu ya ndugu zao wa Mileto ndiyo iliyomtuza mwenzake kwa kuwaletea kilio cha Susa. Machozi yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mwenye msiba. Msiba ukiwa wa nyumbani unaumiza na kuaibisha, kwa sababu unauliza nani alikuwa wapi mji ulipoanguka. Msiba ukiwa wa adui unaweza kutazamwa kwa utulivu, na mtazamaji akalia huku akijua kwamba hakuna atakayemdai chochote. Umbali ndio uliotoa kibali cha huruma.

Hata hivyo, Aeschylus hauachi umbali huo ukae salama. Mapema katika tamthilia, Malkia, mama yake Xerxes, anasimulia ndoto aliyoiota. Aliwaona wanawake wawili warefu na wazuri, mmoja amevaa mavazi ya Kiajemi na mwingine mavazi ya Kidoria. Xerxes aliwafunga nira wote wawili kwenye gari lake. Mmoja alitii, mwingine aliivunja nira na kumwangusha mfalme. Kwa kawaida ndoto hii husomwa kama fumbo la utumwa wa Asia na uhuru wa Ugiriki, na usomaji huo una msingi. Lakini Malkia anaongeza jambo ambalo mtunzi hakulazimika kuliweka: wanawake hao wawili ni ndugu wa nasaba moja, nao waligawiwa nchi zao kwa kura. Iwapo ni kura iliyomweka mmoja Asia na mwingine Ugiriki, basi tofauti yao ni ya makazi na malezi, wala si ya asili. Mtazamaji wa Athene aliyekaa akidhani anamtazama mgeni anaambiwa, kwa kinywa cha mgeni huyo, kwamba anamtazama ndugu.

Ufa wa pili unatokea pale mzuka wa Darius unapoeleza sababu za adhabu itakayolipata jeshi lililobaki Ugiriki. Anayataja mahekalu yaliyochomwa na sanamu za miungu zilizong'olewa. Maneno hayo yalisemwa chini ya Acropolis. Kwa kitambo kidogo Susa ya jukwaani na Athene halisi zinakuwa mahali pamoja, na msiba wa nyumbani, ule uliokatazwa kwa Phrynichus, unaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma.

4. Sharti la pili: kosa liwe la mtu mmoja

Huruma kwa adui huwa nyepesi zaidi pale lawama inapoweza kuwekwa juu ya mtu mmoja. Katika tamthilia hii mtu huyo ni Xerxes. Darius, baba yake, anatolewa kaburini akiwa mfalme mwenye hekima ambaye hakuwahi kuiletea nchi yake maafa kama hayo. Kosa kubwa la mwana ni kuufunga mlango wa bahari wa Hellespont kwa daraja la mashua, kana kwamba bahari takatifu ni mtumwa wa kutiwa minyororo. Funzo linatamkwa waziwazi: binadamu asiwaze makubwa kupita ubinadamu wake, kwa kuwa kiburi kikichanua huzaa suke la maangamizi, na mavuno yake ni machozi. Mpanda ngazi hushuka, na huyu ameshuka na taifa zima.

Kihistoria, picha hii ya baba na mwana haisimami. Darius mwenyewe alijenga daraja la mashua juu ya Bosporus alipokwenda kupigana na Waskithi, kama Herodotus anavyosimulia katika Kitabu cha 4. Ni Darius aliyetuma jeshi lililoshindwa Marathon. Hadhira ilikuwa na wanaume waliopigana siku hiyo, akiwemo mtunzi. Haiwezekani kwamba walisahau. Hata mahali pa kaburi pamehamishwa, kwani Darius alizikwa Naqsh-e Rustam, karibu na Persepolis, na wala si Susa. Aeschylus alimhitaji Darius mwema ili apate kipimo cha kumpimia mwanawe, naye alikuwa tayari kuikunja historia ili ampate.

Uhakiki ukiishia hapo, tamthilia itaonekana kuwa hadithi ya mfalme kijana aliyepotoka. Lakini matini inatoa maelezo mengine kuhusu chanzo cha kosa hilo. Katika mazungumzo yake na Darius, Malkia anamtetea Xerxes kwa kusema kwamba alishawishiwa na watu waovu waliomzunguka. Walimwambia kwamba baba yake aliwapatia wanawe utajiri mkubwa kwa mkuki, ilhali yeye, kwa kukosa uanaume, anapigania nyumbani bila kuongeza chochote katika mali ya urithi. Kauli hiyo inabadilisha sura ya lawama. Xerxes hakuvamia Ugiriki kwa sababu alikuwa tofauti na baba yake; alivamia kwa sababu alitakiwa afanane naye. Dola iliyojengwa kwa kupanuka ilikuwa imejiwekea kipimo cha uanaume ambacho mrithi hangeweza kukifikia pasipo kupanuka zaidi.

Wazee wa baraza nao hawana mikono safi. Wimbo wao wa kuingilia, kabla habari mbaya haijafika, unalisifu jeshi lililoondoka kwa orodha ndefu ya makamanda na mataifa: wapanda farasi, wapiga upinde, wapiga makasia kutoka mabwawa ya Misri, watu wa Lydia, watu wa Babeli. Wanatamba kwamba hakuna awezaye kulizuia wimbi kama hilo. Wasiwasi wao ni wa kweli, ila fahari yao nayo ni ya kweli. Wao hao hao, mwishoni, wanamwuliza Xerxes kwa uchungu ameyaacha wapi majina yale. Mtazamaji makini anakumbuka kwamba wao ndio walioyaimba kwa majivuno. Sharti kwamba kosa liwe la mtu mmoja linapasuka hapa: nyuma ya mfalme kuna waliomsukuma, na nyuma yao kuna jamii iliyoshangilia wakati wa kuondoka.

5. Sharti la tatu: mwenye kulia awe mgeni

Sharti la tatu linahusu namna ya kulia. Katika sehemu ya mwisho, Xerxes anaingia akiwa na mavazi yaliyoraruka, na kitu pekee anachowaonesha wazee katika silaha zake zote ni podo lililo tupu. Kuanzia hapo hadi mwisho ni maombolezo ya kupokezana: mfalme anaamuru, korasi inaitikia; wanajipiga vifua, wanararua nguo, wanang'oa ndevu. Hakuna tendo jingine. Plutarch anaeleza kwamba sheria za Solon zilikuwa zimewazuia wanawake wa Athene kujikwaruza na kuomboleza kupita kiasi mazishini. Kwa hiyo, wanaume wazee na mfalme wao wakiomboleza namna hiyo walikuwa wakifanya jambo ambalo hadhira ilifundishwa kulihusisha na wanawake na wageni. Hoja ya Hall ina nguvu hasa katika sehemu hii.

Ushahidi wa mapokezi ya baadaye unaiunga mkono hoja hiyo. Katika vichekesho vya Vyura, vilivyoigizwa mwaka 405 KK, Aristophanes anamleta mhusika Aeschylus akijivunia kwamba kwa tamthilia ya Waajemi aliwafundisha raia kutamani siku zote kuwashinda maadui. Mhusika Dionysus anaongeza kwamba yeye alifurahishwa na jinsi korasi ilivyopiga makofi na kutoa vilio vyake vya kigeni. Vyura ni vichekesho, na mzaha si ushahidi wa moja kwa moja. Hata hivyo, mzaha huo usingeeleweka kama Waathene wote wangekuwa wamezoea kuisoma tamthilia hii kama utungo wa huruma tupu. Miaka 67 baadaye, kilio cha Susa kilikuwa kimekuwa burudani.

Tatizo hili linamkabili pia anayeijadili tamthilia hii kwa Kiswahili, tena kuanzia kwenye jina lake. Neno Waajemi limetoka katika Kiarabu, ambamo ajam lilimaanisha kwanza mtu asiyesema Kiarabu kwa ufasaha, kisha likawa jina la watu wa Uajemi. Asili hiyo inafanana sana na ya neno la Kigiriki barbaros, lililomtaja mtu ambaye usemi wake haueleweki. Kiswahili, bila kukusudia, kimewapa watu hawa jina lililobeba sikio la jirani yao.

Ugumu unaongezeka ndani ya matini, kwa sababu wahusika wa Kiajemi wenyewe wanajiita barbaroi. Mjumbe anapofika na kutangaza kwamba jeshi lote limeangamia, analiita jeshi la barbaroi. Mfasiri akiandika "jeshi la washenzi", kilio kinageuka tusi, na mwombolezaji anajidhalilisha kwa kinywa chake. Akiandika "jeshi la Waajemi", anamrudishia mjumbe heshima yake lakini anaificha sauti ya Kigiriki iliyojificha mdomoni mwake. Akiandika "jeshi la wageni", anaibua swali: wageni kwa nani, ikiwa msemaji yuko kwao? Hakuna neno litakalouondoa ugumu huu, kwa kuwa umo katika utungo wenyewe. Mshindwa ameruhusiwa kulia, ila kwa msamiati wa mshindi. Hiki ndicho kiini cha pingamizi la Said, na uchambuzi wa neno hili moja unaonesha kwamba pingamizi hilo haliwezi kupuuzwa.

Pamoja na hayo, kuna kitu katika tamthilia ambacho msamiati wa mshindi haukifuti, nacho ni majina na miili. Taarifa ya mjumbe haianzi na mbinu za kivita. Malkia akishajua kwamba Xerxes yu hai, mjumbe anawataja waliokufa mmoja mmoja, pamoja na mahali kila mmoja alipoangukia: mmoja anagongwagonga na mawimbi kwenye ufuo wa miamba, mwingine ndevu zake zimebadilika rangi kwa damu, mwingine ametoka karibu na chemchemi za Nile ya Misri. Majina mengine yana asili ya Kiajemi, na mengine yanaelekea kuwa ya kubuni. Usahihi wao si hoja. Hoja ni kwamba mtunzi aliona inafaa adui awe na jina na mahali pa kufia.

Vivyo hivyo kwa maelezo ya mapigano. Mjumbe anataja meli 300 za Wagiriki na kumi teule, dhidi ya 1,000 za Xerxes, na 207 zilizokuwa na mwendo wa kasi. Anaeleza jinsi wingi huo ulivyogeuka balaa katika mlango mwembamba: meli zilisongamana, zikavunjiana makasia, na Wagiriki wakazizunguka. Kisha anaeleza mauaji yenyewe. Bahari haikuonekana tena kwa mabaki ya meli na maiti. Wagiriki walikuwa wakiwapiga watu waliokuwa majini kwa vipande vya makasia, kama wavuvi wanavyowapiga jodari waliozingirwa na nyavu, mpaka usiku ulipoingia.

Tashbihi hiyo ya jodari inastahili kuzingatiwa. Watu wa pwani yoyote wanalijua tukio hilo: samaki wamekwisha kunaswa, hawana pa kukimbilia, na kinachobaki ni kazi ya mikono. Hapo si ushujaa unaosimuliwa. Mtazamaji aliyekuwa Salamis miaka minane nyuma, na ambaye labda alishika kipande cha kasia siku hiyo, anakioneshwa kitendo chake kama kilivyoonekana kutoka majini. Mjumbe hamlaumu, wala hamsifu. Anamweleza tu. Katika tamthilia nzima hakuna mahali ambapo mshindi anasogezwa karibu na alichokifanya kuliko hapa.

6. Waathene ndani ya Waajemi

Nyufa zilizoelezwa zinaelekea upande mmoja. Ikiwa adui ni ndugu aliyegawiwa nchi nyingine kwa kura, na ikiwa kosa lake lilitokana na jamii iliyompima mwanamume kwa mapana ya milki yake, basi swali linalofuata ni kama mshindi yuko salama na kosa hilo.

Baada ya mzuka wa Darius kurudi kaburini, wazee wanaimba wimbo wa kuukumbuka utawala wake. Wanataja visiwa na miji aliyoimiliki: Lesbos, Samos, Chios, Paros, Naxos, Mykonos, Andros, Rhodes, na miji ya Kupro, pamoja na Salamis ya huko. Katika usomaji wa haraka, wimbo huu huonekana kuwa pambo la kijiografia. Ukiwekwa mbele ya hadhira ya mwaka 472 KK, unabadilika. Mwaka 478 KK, Athene ilikuwa imeanza kuongoza muungano wa miji na visiwa dhidi ya Uajemi, na washirika walichangia meli au fedha. Mengi ya majina yaliyoimbwa na wazee wa Susa kama hasara ya Darius yalikuwa sasa majina ya washirika wa Athene. Thucydides anaitaja Naxos kuwa ndiyo ya kwanza kati ya washirika kunyimwa uhuru wake kinyume na makubaliano, ilipojaribu kujitoa.

Hapakuwa na haja ya mwigizaji kuwanyooshea Waathene kidole. Orodha yenyewe ilitosha. Waliokuwa ukumbini waliweza kuisikia kama hesabu ya nyara na kufurahi. Waliweza pia kuisikia kama orodha ya mizigo iliyohama kutoka bega moja kwenda jingine. Tamthilia inayaruhusu masikio yote mawili, na hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wake. Onyo lililovikwa mavazi ya adui linaweza kusikilizwa bila hasira, lakini linaweza pia kusikilizwa bila kusikika. Historia inaonesha sikio lipi lilishinda. Mwaka 415 KK Athene ilituma jeshi kubwa Sicily, na mwaka 413 KK jeshi hilo liliangamizwa, meli zake zikiwa zimezingirwa katika bandari ya Syracuse isiyo na nafasi ya kugeukia. Siku hiyo Waathene ndio waliosongamana mahali pembamba.

7. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba maombolezo ya Waajemi katika tamthilia ya Aeschylus hayawezi kupewa jina moja. Yaliwezekana kwa sababu yaliwekewa mipaka: yalikuwa mbali, yalikuwa na mkosaji mmoja, na yalitolewa kwa sauti iliyofundishwa kusikika kuwa ya kigeni. Wahakiki wanaoiona tamthilia hii kama chombo cha mshindi wameiona mipaka hiyo kwa usahihi. Lakini mipaka hiyo hailindwi hadi mwisho. Ndoto ya ndugu wawili inaupunguza umbali. Maneno ya Malkia kuhusu waliomsukuma Xerxes yanalieneza kosa. Majina ya waliokufa na tashbihi ya jodari yanamrudishia mgeni mwili wake wa kibinadamu.

Kwa uhakiki wa fasihi ya vita kwa ujumla, matokeo haya yana maana mbili. Kwanza, kumpa adui nafasi ya kulia si sawa na kumpa nafasi ya kusema. Xerxes wa jukwaani analia kwa wingi, ila hana hata sentensi moja ya kueleza kwa nini alikwenda. Maelezo hayo yanatolewa na wengine kwa niaba yake. Pili, thamani ya utungo wa namna hii haipimwi kwa nia ya mtunzi peke yake, kwa kuwa utungo ule ule uliotungwa na mtu aliyezika ndugu yake uliweza kugeuzwa kuwa mzaha na wajukuu wa hadhira ya kwanza.

Tamthilia inamalizika bila faraja. Darius alikuwa ameagiza Xerxes apokewe na mama yake akiwa na mavazi mapya, na Malkia alitoka kwenda kuyaleta. Lakini Xerxes anapoingia, mama hayupo, na mavazi hayafiki. Mfalme anasindikizwa kwenda nyumbani kwake akiwa na matambara yale yale. Mtunzi aliyekuwa na uwezo wa kumvika adui yake heshima mwishoni hakumvika. Wala hakumrudisha mshindi jukwaani kuja kushangilia. Walioondoka ukumbini siku ile waliondoka wakiwa na kilio masikioni, na juu yao kulikuwa na magofu ambayo bado yalikuwa hayajajengwa upya.